Turubai na jiko la mkaa vitoke kwenye mabanda ya kuku

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Tabata, aliyeandika kwamba kipupwe cha mwaka huu kinamaliza kuku Dar es Salaam, na kwamba dawa yake ni kulizungushia banda turubai pande zote nne na kuwasha jiko la mkaa ndani kuanzia jua linapozama. Amesema amepoteza matetea, na nampa pole ya dhati. Tetea anayekaribia kutaga umemlisha miezi mitano hujaona hata yai moja. Lakini ushauri aliotoa ni wa hatari, na gazeti likishauchapa kuna watu watakwenda Kariakoo kununua turubai kesho yake. Mimi nasema kuku mzima, mwenye manyoya yake kamili, hafi kwa baridi ya Dar es Salaam. Anakufa kwa kufungiwa.

Nafuga Kitunda. Nina chotara wa mayai na kienyeji wachache ambao mume wangu hataki wachinjwe. Wateja wangu ni wauza chipsi na mama ntilie wa kituoni, na mayai yakipungua wananipigia simu kabla sijamaliza kuyaokota. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoishi nayo.

Mdogo wangu wa tumbo moja ameolewa Marekani, mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa ukingoni mwa Ziwa Superior, si mbali na Kanada. Usiku wa kawaida wa Januari huko hufika nyuzijoto 15 na zaidi chini ya sifuri, na ukija ule wa kukomoa hufika 30 chini ya sifuri. Friza ya kuuzia samaki pale Feri inasubiri. Naye anafuga kuku sita uani kwake, kwa sababu sisi tumelelewa kwenye nyumba yenye kuku na hajui asubuhi isiyo na kuku inaanzaje.

Alinitumia video ya asubuhi ya theluji ya kwanza. Jioni kuku waliingia kulala wakiwa wameacha uwanja wenye majani. Asubuhi uwanja haupo, kila kitu cheupe mpaka kwenye uzio. Anawafungulia kilango chao. Tetea mwekundu, ambaye ndiye mbabe wao, anatoa kichwa. Anaangalia kwa jicho la kulia, anageuka anaangalia kwa la kushoto. Ananyanyua mguu, anaushusha taratibu, vidole vinagusa theluji, anaurudisha upesi na kuukunja tumboni. Kisha anatoa ile sauti ndefu ya kulalamika ambayo kila mfugaji anaijua, ya kuku aliyekuta mwenzake amekalia kiota chake. Nyuma yake wenzake wanasukumana wapate kuona, naye hatoki wala harudi. Mmoja akajipenyeza pembeni, akaruka kwa mabawa, akatua katikati ya theluji na kuzama mpaka kifuani. Hapo akaduwaa. Hakulia, hakutembea, alisimama tu mpaka mdogo wangu akavaa buti akaenda kumnyanyua.

Nikamuuliza kwa ujumbe wa sauti kama hao viumbe hawaoni baridi. Akanijibu huku anacheka: "Shikamoo dada. Baridi wala hawana habari nayo. Hawataki kukanyaga kitu wasichokijua, basi."

Akachukua koleo, akachimba njia kutoka kilangoni hadi chini ya mti, akamwaga majani makavu juu yake. Kuku wote sita wakatoka. Walipita kwenye ile njia tu, wamefuatana, hakuna aliyeweka mguu kando hata kidogo, na walipofika mwisho wa majani wakageuka na kurudi. Siku zilivyokwenda wakazoea. Theluji ikishashindiliwa wanatembea juu yake, wanaidonoa, na siku yenye jua wanasimama mahali pasipo na upepo wamejitutumua manyoya, macho nusu yamefumba. Upepo ukivuma hawatoki, hata uwamwagie mahindi.

Usiku banda hilo halina taa ya joto, halina jiko, halina chochote cha umeme. Nilimuuliza zaidi ya mara moja ili niwe na hakika, na nilivyomwelewa ni hivi.

Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41, juu kuliko letu sisi. Chini ya manyoya ya nje ana manyoya laini ya ndani, na akijitutumua ananasa hewa katikati yake. Hiyo hewa iliyotulia ndiyo blanketi lake. Miguuni hana manyoya, lakini huko nako Mungu kapanga: mshipa unaoshusha damu ya moto umelala jirani na ule unaopandisha damu iliyopoa, hivyo ya moto inaipasha ile inayorudi na joto halipotelei ardhini. Akisimama nje muda mrefu anaukunja mguu mmoja ndani ya manyoya ya tumbo, baadaye anabadilisha. Kulala, analala kwenye kichanja cha mbao ya mbili kwa nne iliyolazwa kwa ubapa, ili akichuchumaa kifua kifunike vidole vyote. Wanabanana sita kwenye ubao mmoja, kila mmoja kichwa kakiingiza nyuma ya bawa. Jioni kabla hawajapanda anawapa konzi za mahindi, kwa sababu tumbo linalosaga usiku kucha linatoa joto usiku kucha.

Taa ya joto wenzake wa huko wapo wanaoweka, na wapo waliounguza mabanda, kwani ndani kuna vumbi, manyoya na maranda makavu, na kuku akiruka akaigonga taa ikaanguka hakuna wa kumwambia mwenye nyumba. Halafu kuku aliyezoeshwa joto la taa ndiye atakayepata taabu umeme ukikatika. Kwa hiyo yeye anawaachia manyoya yao yafanye kazi.

Sasa sikiliza hii, msomaji wa Tabata, maana hapa ndipo ninapotaka tukutane. Banda lile la Duluth lina matundu juu, chini kidogo ya paa, na matundu hayo hayafungwi hata theluji inapoanguka. Yako juu ya vichwa vya kuku waliolala, hivyo upepo hauwapigi, ila unyevu unapanda na kutoka. Kuku anapumua mvuke usiku kucha na kinyesi chake nusu na zaidi ni maji. Mwaka wa kwanza jirani yake mmoja mwenye huruma alimwambia azibe, la sivyo atawatesa wanyama. Akaziba kwa matambara. Asubuhi akakuta kioo cha dirisha kimeganda barafu kwa ndani, kuta zinatoa majimaji, na tetea wake mweupe wa Leghorn, mwenye upanga wa kichwani mkubwa unaolalia upande, ncha za upanga zimekuwa nyeupe. Baada ya siku kadhaa zikageuka nyeusi, zikakauka na kudondoka. Nje baridi ya usiku huo haikuwa mbaya kuliko ya usiku mwingine. Kilichoongezeka ni maji hewani, na ngozi yenye unyevu ndiyo inayoganda upesi. Alitoa matambara, na upanga wa kuku wengine ukabaki salama mpaka theluji ikayeyuka.

Upanga na ndevu, zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, ndipo penye udhaifu wa kuku kwenye baridi kali, kwa kuwa ni nyama tupu yenye damu. Watawa wa Oka, jimbo la Quebec kule Kanada, walilijua hilo mapema mno. Mmoja wao, Bruda Wilfrid Châtelain, akachanganya mbegu mbalimbali mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka akapata kuku anayeitwa Chantecler, mwenye upanga mdogo kama punje na ndevu ambazo karibu hazionekani. Sisi tuna kishingo, shingo nyekundu tupu isiyo na unyoya, aliyejiumbia kinyume chake: ni wa kutoa joto. Kishingo wangu nikimpeleka Duluth atanichukia, na yule Chantecler akiletwa Kitunda mwezi wa pili sidhani kama atafika Pasaka.

Kwa kifupi, kuku asili yake ni ndege wa misitu ya joto ya kusini mashariki mwa Asia, lakini analala salama kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri akiwa mkavu na akiwa na hewa. Sasa turudi kwetu. Usiku wa kawaida wa Julai hapa Dar es Salaam ni nyuzi 18 au 19 juu ya sifuri. Juu, jamani. Kipimo hicho wafugaji wengi duniani wanakitafuta kwa mashine, wanakiita hali nzuri ya kuku. Mume wangu ni Mkinga wa Makete, ambako Juni na Julai umande unaganda juu ya majani na ukikanyaga unasikia unavunjika. Kila mwaka akiona watu wa Mbagala na masweta kwenye daladala saa moja asubuhi anacheka peke yake. Kuku wa mama yake walikuwa wanasubiri jua lipande kidogo, kisha wanatoka kuparua kama kawaida.

Nitakwambia nilichokiona mimi Julai, kwenye banda la mtu wa mtaani kwetu ambaye sitamtaja. Alikuwa amefuata ushauri huu huu: turubai la bluu pande tatu, viroba vya saruji vimeshonwa upande wa nne, mlango mmoja. Aliniita alfajiri kuku wake wanakoroma. Alipofungua mlango sikumaliza hatua ya pili, macho yakaniwasha machozi yakatoka. Ile si harufu ya kinyesi tu, ni amonia, gesi inayotoka kwenye kinyesi kilicholowa. Pumba za mpunga chini zilikuwa zimeshikana vipande vipande. Nikachukua kimoja nikakikunja mkononi, kikatoa maji. Kwa ndani turubai lilikuwa linadondosha matone kwenye migongo ya kuku. Yaani aliwafunika baridi, akawanyeshea mvua. Matetea walikuwa na povu kwenye kona za macho, mmoja kajikunja pembeni midomo wazi, na katikati ya banda jiko la mkaa bado lina majivu ya moto. Nje nyasi zilikuwa kavu na hewa nzuri ajabu.

Amonia inachubua njia ya hewa ya kuku, na njia iliyochubuka ndiyo mlango wa mafua na magonjwa mengine. Mkaa nao una kesi yake. Kila mwaka tunasikia watu waliokutwa wamekufa chumbani kwa sababu walilala na jiko. Ile gesi, kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na ndege inamdhuru mapema kuliko mtu kwa jinsi anavyopumua haraka. Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanashuka mgodini na ndege wadogo kwenye vizimba ili ndege akianguka wao wakimbie. Utaratibu huo uliachwa mwaka 1986 tu, vilipopatikana vifaa vya kupima. Sisi mwaka huu tunamwashia ndege mkaa ndani ya turubai, halafu akifa tunasema kipupwe.

Baada ya hapo safari inayofuata ni dukani. Mtu anaingia duka la dawa za mifugo anasema "nipe dawa ya baridi", muuzaji hamuulizi kuku wana umri gani, wanalala wapi, wamechanjwa lini. Anamkatia pakiti ya unga wa antibiotiki na kumwambia aweke kwenye maji siku tano. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama nyuma ya mteja wa namna hiyo, na yule muuzaji akanigeukia kuniuliza kama na mimi nataka ya baridi. Nilikuwa nimefuata chokaa. Mayai ya siku hizo za dawa yanauzwa vilevile, sisi na watoto wetu tunayala. Baridi haina pakiti. Kama kuku anakoroma kwa sababu ya amonia, dawa yake ni koleo, pumba mpya na kisu cha kukata turubai.

Na vifo vingi vinavyopewa jina la baridi ni kideri, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza. Ukiona kinyesi cha kijani, mabawa yameanguka, shingo inapinda, wanaondoka wengi ndani ya siku chache, hiyo haina uhusiano na sweta. Chanjo ya matone ya jicho inatengenezwa hapa hapa Kibaha, unarudia kila baada ya miezi mitatu, na bei yake kwa kuku mmoja haifiki bei ya andazi. Nashangaa mtu anayenunua turubai la maelfu kuona chanjo ni gharama.

Kuna jambo nitampa haki yake msomaji wa Tabata: vifaranga. Kifaranga wa siku moja hana manyoya, ana yale ya pamba tu, na hana uwezo wa kujipasha. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yakamilike kwenye wiki ya tano au ya sita. Hao hata Januari ya Dar wanaona baridi usiku, sembuse Julai. Lakini kwao pia moto usiwe wa kuzibiwa. Mimi natumia taa, na umeme ukikatika natumia chungu chenye mkaa uliokwisha kushika wote, nimekifunika, na juu ya ukuta nimeacha nafasi hewa ipite. Kipimajoto ninacho lakini naamini zaidi vifaranga wenyewe. Wakirundikana wakalia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia kona za mbali midomo wazi, umewachoma. Wakitawanyika wengine wanakula wengine wamejilalia ubavu, nenda kalale na wewe. Kosa la watu ni kuendeleza hayo ya vifaranga kwa kuku wa miezi sita.

Na upepo wa kusi unaopiga moja kwa moja kwenye kichanja, au mvua inayorusha maji ndani, hivyo nakubali vina madhara. Unakinga upande huo, chini, kimo cha kuku aliyelala. Juu unaacha wavu.

Tena hilo la kutaga. Wengi wanasema kipupwe kuku wanagoma mayai kwa sababu ya baridi. Kule Duluth kuku wanaacha kutaga kweli majira ya baridi, ila hata huko sababu kubwa ni mwanga. Mwezi Desemba jua kwao halikai angani hata muda wa saa 9, na kuku anataka mwanga wa kama saa 14 ili mwili upate taarifa ya kutaga. Ndiyo maana wengine wanawawashia balbu ndogo alfajiri, ya mwanga, si ya joto. Sababu nyingine ni maji: yakiganda kwenye chombo kuku hanywi, asipokunywa hali, asipokula hatagi. Mdogo wangu anabeba maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, na yai asipoliwahi linaganda likapasuka ganda. Sasa sisi hapa, tofauti ya urefu wa siku kati ya Juni na Desemba haifiki saa moja. Maji hayagandi. Kwa hiyo mayai yakipungua Julai tazama kwanza kama kuku wanapukutisha manyoya, tazama minyoo, utitiri kwenye vichanja, na hasa tazama chakula. Mahindi yakipanda bei wachanganyaji wa chakula wana mambo yao, na mfuko unaokuja una pumba nyingi kuliko tulivyokubaliana. Sisemi nani.

Kinachonishangaza, Mhariri, ni kwamba gazeti lako na redio zetu zinajaa ushauri wa kuku Juni na Julai, halafu kaskazi ikija, Januari na Februari, kimya. Wakati huo ndio kuku wa Dar es Salaam wanakufa kweli. Nyuzi 32, 33, hewa nzito ya bahari, na kuku hana jasho. Njia yake ya kujipoza ni kuhema tu, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema kunamsaidia kidogo sana. Utamwona kaachanisha mabawa, mdomo wazi, koo linapigapiga, kajilaza mahali alipoparua akapata udongo wa baridi. Broila waliokaribia kuuzwa ndio wa kwanza: mzito, manyoya meupe mengi, chini ya bati lililowekwa kimo cha mtu mfupi. Saa nane mchana anaanguka, na wauzaji wa Shekilango watakwambia wenyewe jinsi mizigo inavyofika na maiti siku za jua kali. Wa mayai anapunguza kula, na kule kuhema kunamwondolea kaboni dioksidi mwilini kupita kiasi, hapo ganda la yai linakuwa jembamba. Wateja wangu wa chipsi wanalalamika mayai yanavunjikia kwenye trei kila Februari, hawajawahi kulalamika Julai.

Mdogo wangu aliniambia siku moja, "Dada, mimi huku napigana maji yasigande, wewe unapigana yasichemke." Ni kweli. Ndoo ya plastiki ikiachwa juani Kitunda mchana wa Februari, kuku anaonja mara moja na kuondoka.

Lawama yangu nyingine ni kwa mafundi na kwa sisi tunaowapa picha za kwenye simu. Mtu anaona banda la Ulaya, matofali mpaka juu, kidirisha kimoja, anamwambia fundi nijengee hili. Lile limejengwa kwa ajili ya theluji, na hata lenyewe, kama nilivyosema, lina matundu ya hewa ambayo kwenye picha hayaonekani. Pwani hii banda linataka ukuta wa kiunoni, juu wavu wa kuku kuzunguka, paa limenyanyuka, na urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ubavuni. Juu ya bati ukitandika makuti, kuku watakushukuru, na mwarobaini mmoja upande wa magharibi unafanya kazi ya feni bila kulipia umeme. Turubai liwepo, lakini limekunjwa juu limefungwa kamba, linashushwa mvua ya masika inapopiga kutoka upande huo, na mvua ikikatika linapandishwa.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kuchapa ushauri wa dawa na moto kwenye mabanda, mwandishi wako ampigie ofisa mifugo wa kata yoyote ya jiji hili asikie anasemaje. Na makala ya joto ianze Novemba, watu wapate muda wa kunyanyua paa, si Februari tukishazika.

Msomaji wa Tabata asinichukulie vibaya. Leo usiku, kabla hajawasha jiko, azime redio asimame nje ya banda lake mida ya saa nne kuku wakiwa wametulia, asikilize. Akisikia wanakoroma na kupiga chafya, asubuhi aondoe pande tatu za juu za lile turubai, akokote pumba zote zilizolowa, amwage kavu, awaite wa chanjo. Akitaka kuona langu lilivyokaa, dawati lako la barua lina namba yangu. Aje jioni, mchana nakuwa kituoni kugawa trei.

Mama Jamila,
Kitunda, Dar es Salaam